Tundu la Wenye Nyumba

Msumari ulikuwa mweusi, ukawa na rangi ya udongo wa barabara ya Lupembe, kisha ukawa mwekundu, na mimi nilikuwa nimeushika kwa koleo nikiutazama mkono wangu kama mkono wa mtu aliyekaa karibu yangu. Ulikuwa msumari wa kupigilia kenchi, mrefu kuliko kidole. Mbele yangu, juu ya kipande cha ubao wa paina, ilikaa kete ya zambarau yenye picha ya ndege kanga katikati. Nje mvua ya Machi ilinyesha bila haraka. Ndani mlinuka moshi na ulanzi wa jana, ile pombe ya mianzi.

Bibi Yunis, mama yake baba yangu, alikuwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, blanketi begani, akinitazama kwa utulivu wa mtu anayengojea chai.

"Usikandamize," alisema. "Weka tu. Wenyewe utashuka."

Tulikuwa tumemzika baba yangu juma lililotangulia. Sikuwa nimelia. Shangazi walinisema kwa hilo, kwa sauti za chini, wakidhani kanga waliyojifunika vichwani inaziba maneno. Sikuwa najizuia. Nilikuwa nangoja kilio kama mtu anavyongoja basi kituoni, na hakikuja, na baada ya muda nilisahau kwamba nangoja.

*

Ninazijua kete. Hilo nalisema bila kujishusha, kwa sababu sijui mtu mwingine kati ya Makambako na Njombe anayezijua.

Naongelea kete za kasino, vile viduara ambavyo mcheza kamari hupewa anapotoa pesa zake, ili zikipotea asisikie uchungu wa kuona noti ikiondoka. Wengine wanaziita chipu. Mimi naziita kete, kwa sababu lugha yangu ilikuwa na kete kabla ya kasino kuwa na mlango, na sioni kwa nini niazime neno ilhali ninalo langu. Zile za zamani hazikuwa za plastiki. Zilitengenezwa kwa udongo maalumu uliochanganywa na gundi, ukashindiliwa kwenye kalibu ya chuma, na kila mtengenezaji alikuwa na mchoro wake kwenye ukingo: mwingine majani, mwingine minyororo, mwingine herufi zinazokimbizana.

Nilijifunza kwenye simu, nikiwa chuoni nasomea stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu. Wenzangu waliangalia tamthilia. Mimi niliangalia wazee wa nchi za mbali wakibishana juu ya ukingo wa kete moja kwa saa nzima, nikawaelewa kuliko nilivyoelewa watu wengi niliokuwa nao bwenini. Niliporudi Makambako nikapata kazi katika duka la kutoa nakala, ng'ambo ya yadi za mbao, na mshahara wa kwanza uliobaki nilinunulia mzani mdogo wa masonara na lenzi ya kutazamia vito. Kete zangu nazipanga kwenye trei za mayai, kila moja kwenye shimo lake. Bosi wangu husema nafuga kuku wasiotaga.

Ukiletewa kete, kwanza iangushe juu ya kete nyingine usikilize. Ya udongo hulia sauti fupi, nzito, kama kitasa kinachofungwa. Bandia hucheka. Kisha ipime. Kisha tazama vile vipande vya rangi kwenye ukingo: kama ni vya kweli, vimezama mpaka ndani, havikupakwa juu. Tazama picha ya katikati, kama imefunikwa na mwili wa kete au imebandikwa tu. Halafu pitisha kidole pembeni. Kete iliyokaa mezani miaka mingi ina kingo zilizolika, laini kama sabuni iliyotumika. Kete ambayo haikutumika ina kingo kali, zinakukwaruza kidogo, na hapo ndipo bei inapokaa. Watu hudhani bei ya kitu cha zamani ni umri wake. Umri ni wa bure, hata jiwe linao. Bei ni kwamba kitu kimepita katika miaka yote hiyo na hakuna aliyekigusa.

Na mwisho kabisa, angalia kama ina tundu. Kasino ikizistaafisha kete zake huzitoboa, ili zisirudi mezani. Kete yenye tundu ni ya kweli, hakuna anayebisha. Lakini hakuna anayeitaka.

*

Zile za Bibi karibu zote zina tundu.

Babu yangu Ezekieli alikwenda kusini kwa mkataba wa migodi, kama wanaume wengi wa Njombe wa wakati wake. Alipotoka mgodini hakurudi moja kwa moja. Alipata kazi ya kufagia katika hoteli yenye kasino, mahali ambapo jina lake alilitamka kwa namna yake na hakuna tena anayejua lilivyokuwa. Wenye hoteli walipobadilisha kete, za zamani zilitupwa shimoni, na Babu akaagizwa azimwagie zege. Alizimwagia, lakini si zote. Alirudi nyumbani na koti refu, redio, na kopo la kete ambazo hakujua atazifanyia nini.

Bibi ndiye aliyejua. Alikuwa na kilabu cha ulanzi, nyumba ndefu ya matofali mabichi kando ya barabara, mianzi imesimama nyuma yake kama watu waliochelewa kuingia. Aliwagawia wateja wake wa kudumu kete, kila mtu na rangi yake au alama yake. Zilikaa kwenye kapu mlangoni. Ukiingia, unachukua yako unaiweka mbele yako kwenye benchi. Ukiondoka, unairudisha. Bibi hakuhitaji kuuliza nani yumo; alitazama kapu. Na kete iliyolala kapuni muda mrefu msimu wa ulanzi ukiwa umechanganya, alimtuma mtu akamwangalie mwenyewe. Walikuta watu wagonjwa hivyo. Walimkuta mmoja ameanguka kwenye korongo akiwa bado anapumua, na huyo aliendelea kunywa mkangafu wake, ule ulanzi mkali uliochacha, kwa miaka mingi, akisema kete ilimfufua.

Mtu akifa, mtoto wake wa kwanza huitoboa kete kwa msumari wa moto, ikapitishwa kamba, ikatundikwa juu ya madumu. Hakuna mchungaji, hakuna hotuba. Bibi humwaga kidogo cha togwa sakafuni, ule ulanzi mtamu wa asubuhi, kisha anafungua biashara.

Bibi Yunis hajawahi kuona kasino. Nilipomwambia kwamba huko nako kete zikimaliza kazi hutobolewa, hakushangaa.

"Sasa ungezitenga vipi?" alisema.

Nilizikuta juu ya kamba ile tangu nikiwa mtoto. Upepo ukiingia zilikuwa zinagongana, sauti fupi, nzito. Ndiyo sauti niliyoitambua chuoni siku niliyoisikia kwenye simu, na nikakaa kitandani nimeduwaa wakati wenzangu wakiniuliza nimepewa habari gani mbaya.

*

Baba yangu, Mika, alikuwa mtoto wa kwanza wa nyumba ile. Alipofikia umri wa kukaa kwenye benchi, Babu alimpa kete iliyokuwa peke yake ndani ya kopo, ya zambarau, yenye kanga. Aliitumia msimu mmoja, pengine haukuisha. Kisha alikwenda Makambako kutafuta kazi kwenye mbao, akahudhuria mkutano wa injili uwanjani, akaokoka.

Alirudi akasimama mlangoni mwa kilabu, wateja wakiwa wamejaa, akamwambia mama yake kwamba ataingia humo siku yeye mama atakapoumwaga ulanzi wote.

"Na kete yako?" Bibi aliuliza.

"Itupe."

Bibi hakuitupa na hakuumwaga ulanzi. Baba hakuingia. Akaoa, akanizaa, akawa mzee wa kanisa, mtu wa kuaminiwa na kwaya na sadaka. Hakuacha kumtunza mama yake. Kila mwezi tulipanda kwenye pikapu yake na sukari, sabuni, mafuta, na alisimamisha gari barabarani, akanituma mimi. Nilibeba vile vitu mpaka kilabuni, nikakaa, nikapewa kiazi cha moto na kuangalia kamba, na baba alikaa garini vioo vimepandishwa, ukungu wa pumzi yake ukimfunika. Bibi alikuwa anasimama mlangoni anaitazama pikapu. Hakumpungia mkono. Baba pia hakumpungia. Mama yangu alipofariki, Bibi alikuja Makambako msibani, wakakaa chumba kimoja siku kadhaa, wakaongea kuhusu mvua.

Kiangazi cha mwaka jana Bibi aliniambia nimletee chumvi ya viazi. Kopo lilikuwa juu ya rafu, nikatia vidole, nikagusa ukingo mkali.

Niliitoa, nikaipangusa kwa shati. Zambarau yake ilikuwa bado imekolea kama ya tunda. Vipande vya ukingo vilikuwa vya rangi ya maziwa. Kanga wa katikati alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, madoa yake yote yanahesabika. Niliiangusha juu ya kete nyingine kapuni na ikajibu ilivyotakiwa.

"Bibi, hii ya nani?"

"Ya mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mke mwenzangu," alisema, kwa sababu ndivyo anavyoniita akitaka ninyamaze, "kama una shule yote hiyo na hujui, nirudishie chumvi yangu."

Alinikubalia niondoke nayo nikaimulike. Nilisema kumulika, na hilo ndilo nililofanya. Makambako niliipima, nikaiweka chini ya lenzi, nikafuatilia mchoro wa ukingo wake katika picha za wakusanyaji jioni baada ya jioni. Ilikuwa ya kalibu iliyotumika kwa muda mfupi tu, kwa hoteli moja ya kusini. Za hoteli ile zilizokuwa zikijulikana zilikuwa chache, na zote zimetobolewa au zimechubuka kwa zege. Yenye kanga hakuna aliyewahi kuionyesha. Niliandika maelezo yake kwa Kiswahili kwanza, kama ninavyofanya siku zote, kwa sababu nikianzia lugha yao naanza kuona kwa macho yao: *Kete ya udongo, zambarau, ukingo wa maziwa. Kingo kali. Haina mkwaruzo. Haijatumika.* Kisha nikaitafsiri, nikatuma picha.

Mnunuzi mmoja alijibu kabla sijafunga duka. Alikuwa mzee mstaarabu, wa kusini huko huko, aliyekusanya kete za hoteli zilizokufa. Bei aliyoitaja niliisoma, nikaiweka simu kifudifudi juu ya mashine ya nakala, nikaendelea kutoa nakala za vyeti vya kuzaliwa vya mteja. Ilikuwa bei ya nyumba ya vyumba viwili iliyoezekwa.

*

Kabla sijamrudishia Bibi kete yake, baba alilazwa. Ilikuwa ini. Hajawahi kunywa tangu ujana wake na ilikuwa ini. Daktari alisema hutokea, na waliokuja kumwombea walishindwa waseme nini juu ya hilo.

Siku moja alikuwa na nguvu kidogo, ameketi na mito mgongoni. Nilitoa kete mfukoni nikaiweka juu ya shuka.

Aliichukua. Alitazama kanga kwa muda, halafu akainusa, na vidole vyake, vilivyokuwa vimevimba, vikaanza kuipitisha, kidole cha kwanza hadi cha mwisho na kurudi, bila kuiangalia, kama watu wanavyofanya kwenye filamu. Sikujua baba yangu anajua mchezo huo. Nilikuwa nimeishi naye maisha yangu yote.

"Ameiweka wapi?" aliuliza.

"Kwenye kopo la chumvi."

"Anaiuza?"

"Hauzi. Ni mimi tu nilikuwa naimulika."

Aliipitisha tena vidoleni. Safari hii ilianguka. Niliiokota.

"Mrudishie," alisema. "Mwambie nimeiona."

Korido ilikuwa imejaa watu waliokuja na vyombo vya uji. Baba yangu mdogo, Haruni, alikuwa kwenye benchi akila karanga. Simu yangu iliita, alikuwa mnunuzi, na Baba mdogo akauliza ni nani anayenipigia namba ndefu hivyo. Nikamwambia. Nikamwonyesha kete, nikamweleza kalibu, kingo, tundu lisilokuwepo, na bei. Nilieleza vizuri sana. Hiyo ni kazi yangu.

Aliacha kutafuna.

"Hiki?" alisema. "Hiki ambacho Mama anawagawia walevi?"

*

Baba alikufa mwanzoni mwa Machi. Tulimpeleka akazikwe kwao, upande wa chini wa mianzi, kwaya ya Makambako ikiwa na viatu vyenye matope mpaka kwenye vifundo. Kilabu kilifungwa kwa heshima. Bibi alikaa mlangoni mwake. Jeneza lilipopitishwa mbele yake, wabebaji walisita kidogo, kwa sababu ya utelezi, na kwa muda ule mfupi baba yangu alikuwa mbele ya mlango ule kwa mara ya kwanza tangu aliposimama hapo kijana. Kisha wakapata mahali pa kukanyaga.

Baada ya mazishi Baba mdogo Haruni aliita kikao chumbani kwa Bibi. Si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Ni fundi mwashi. Alikuwa ameshachora kwenye kipande cha mfuko wa saruji kaburi atakalomjengea kaka yake: vigae, msalaba wa terazo, paa dogo la bati la rangi.

"Kaka hakuwa mtu wa kulala chini ya tuta," alisema. "Rejoice ana mteja tayari. Kete iende, kaburi lije. Linalobaki linaingia kwenye nyumba ya Mama, maana huku kunavuja."

"Hapavuji," alisema Bibi.

"Mama, umeketi kwenye maji."

Shangazi Lukresia, dada yao, alicheka, kisha akakumbuka ni msiba akajifunika mdomo.

"Kete inatobolewa," Bibi alisema. "Siku ya kumaliza matanga. Kama za wote."

"Mzee wa kanisa, Mama. Atundikwe kilabuni juu ya madumu? Watu wa Makambako watasemaje?"

"Watu wa Makambako wamekaa naye miaka yote hiyo. Mimi nimewasema?"

Baba mdogo alinigeukia. Akaongea taratibu, kwa sauti ya mtu anayezungumza na msomi mwenzake. "Rejoice, wewe mweleze. Mwambie ikitobolewa inakuwa nini."

Nilimweleza. Nilisema ikitobolewa haina bei. Nilisema pia, kwa sababu nilikuwa naulizwa kama mtaalamu, kwamba bei yake imetokana na kutoguswa.

"Kutoguswa," Bibi alisema.

"Ndiyo. Nyingine zote zimelika kwa mikono ya watu. Hii ni kama imetoka kiwandani leo."

Bibi alikuwa anachuja ulanzi wa wageni kwa kipande cha chandarua, mkono wake haukuacha kuzunguka.

"Basi hiyo bei ni mimi niliyeitengeneza," alisema. "Kila masika naitoa kwenye chumvi, naiweka kapuni, naitazama mpaka mianzi inakauka, nairudisha. Hakuja. Ndiyo hiyo inanunuliwa?"

Baba mdogo alikunja mchoro wake wa kaburi akauweka mfukoni, akasema mama yao amechoka, kikao kitaendelea siku nyingine, kete ikae kwangu, na mteja asipotee.

Nilitoka nje nikasimama chini ya mianzi. Mbeta, vile vyombo vya mianzi vya kukingia ulanzi, zilikuwa zimefungwa kwenye machipukizi yaliyokatwa, zikipokea tone baada ya tone. Nilijaribu kupata hasira, hata kidogo, kwa mtu yeyote. Sikuipata. Nilichokuwa nacho ni maneno niliyoyaandika mwenyewe, kwa lugha yangu, kwa uangalifu: *Haijatumika.* Yalikuwa sahihi. Yalikuwa maelezo sahihi kuliko yote niliyowahi kuandika juu ya baba yangu, na nilikuwa nimeyatuma kwa mtu nisiyemjua.

Bibi alikuja akasimama karibu nami na dumu tupu.

"Alisema nikwambie ameiona," nilimwambia. "Hospitali. Nilisahau."

"Alisema hivyo?"

"Alisema, mwambie nimeiona. Halafu aliichezea vidoleni."

Bibi aliweka dumu chini. Alinyoosha mkono wake wa kulia, vidole vilivyopinda kwa baridi ya miaka mingi, akavitikisa hewani, cha kwanza hadi cha mwisho.

"Hivi?"

"Hivyo."

"Baba yake alimfundisha," alisema. Akabeba dumu lake akaondoka.

*

Kwa hiyo asubuhi ya kumaliza matanga, watu wakiwa bado wanakunywa uji uani, niliingia kilabuni, nikachochea mkaa, nikautia msumari.

Nimewafundisha watu wengi kwenye simu wasiguse kete zao. Usioshe. Usipake mafuta. Usisugue. Usiiweke juani. Kuna dada wa Mbeya aliyezisugua za mume wake kwa majivu, nikamwandikia maneno makali ambayo mpaka leo nayaona yalistahili. Najua nilichokuwa nakifanya kuliko mtu yeyote aliyekuwa kwenye mji ule.

Niliweka ncha ya msumari juu ya kanga, pembeni, juu ya mkia, kwa sababu Bibi alisema wanaachaga uso. Haukushuka mara moja. Ulitoa moshi mwembamba, na harufu ya kwato iliyoungua ikapanda. Kete ilipasuka mstari mfupi kutoka kwenye tundu mpaka ukingoni, ikashikilia. Nilirudisha msumari motoni, nikaurudia. Mara ya tatu ulipita ukagusa ubao. Nilingoja kitu kitokee ndani yangu. Mvua iliendelea. Mtu uani aliomba aongezewe sukari.

Bibi aliivuvia ikapoa. Aliipitisha kamba, akaniambia nipande juu ya benchi, mimi ndiye mrefu. Nilimtundika baba yangu kati ya mtu aliyeanguka korongoni na mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza maharage. Bibi akamwaga togwa sakafuni.

"Haya, basi," akaiambia kete, si mimi. Akaenda kufungua mlango.

Baba mdogo Haruni alikuwa wa kwanza kuingia. Alinusa kabla hajaona. Alitazama msumari, akatazama juu, akaitafuta kwa macho yake kwenye kamba mpaka akaipata, zambarau katikati ya zile zilizofifia.

"Umefanya nini," alisema. Haikuwa swali.

"Nimetoboa kete ya baba."

Aliketi kwenye benchi. Akatoa ule mchoro wa kaburi mfukoni, akaushika tu.

*

Kikao kilikaa mchana ule ule, uani, chini ya turubai. Wazee wa ukoo, Shangazi Lukresia, na Baba mdogo kwenye kiti cha plastiki. Walisema mengi. Walisema nimeiba kwa marehemu, nimeiba kwa watoto ambao hawajazaliwa, nimemdanganya mteja, nimemsikiliza kikongwe. Walisema elimu ya chuo inaharibu wasichana, na mzee mmoja akasema hapana, hii ni ulanzi. Mwishoni walikubaliana jambo jepesi, na najua walikubaliana jambo jepesi kwa kunihurumia: hakutakuwa na faini, hakutakuwa na mbuzi. Nipige magoti mbele ya Baba mdogo, niombe radhi, yaishe.

"Mimi sina kinyongo," Baba mdogo alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka kweli. "Kaburi nitalijenga kwa mkono wangu, kidogo kidogo. Sema tu umekosa."

Shangazi Lukresia aliinama sikioni kwangu. "Sema, mwanangu. Neno moja tu, linakugharimu nini?"

Nilifikiria. Mimi ni mtu wa maneno. Nayapima kabla ya kuyatoa, na hilo nililiangusha kichwani nikalisikiliza. Lilicheka.

Usiku uliotangulia, hata kabla ya msumari, nilikuwa nimeshamwandikia mnunuzi. Nilifuta maelezo ya kwanza nikaandika mapya, kwa Kiswahili tu, nikamwachia yeye atafute wa kumtafsiria. *Kete ya udongo, zambarau, ukingo wa maziwa, picha ya kanga. Ina tundu moja. Limetobolewa na wenye nyumba. Haiuzwi.*

Uani walikuwa wananisubiri. Kutoka kilabuni, ambako Bibi alikuwa ameshafungua biashara na wateja wake wa kudumu walikuwa wanachukua kete zao kapuni mmoja mmoja, upepo uliingia ukazigonganisha zile za juu.

Sikupiga magoti. Nilibaki nimesimama, mikono nyuma, kama nilivyofundishwa kusimama mbele ya wakubwa.

"Baba mdogo," nilisema, "siombi radhi."